Mawe ya Mteremko wa Asubuhi

Mgeni rasmi,
Bwana Meneja,
Bwana Mshauri, uliyekuja mwaka jana ukatufundisha kazi ya miaka arobaini,
Wakuu wa idara mlioketi kivulini,
Wafanyakazi wenzetu mliosimama juani,
Mabibi na mabwana:

Sisi wapogoaji, wachumaji na madereva wa shamba la mizabibu la bonde hili tunashukuru kupewa nafasi ya kusoma risala mbele yako. Anayeisoma ni karani wa mizani, yule anayepima makreti ya zabibu wakati wa mavuno. Tumemchagua kwa sababu mbili: ana sauti, na hana mtoto anayeomba kazi hapa. Bwana Meneja hakutaka kuiona kwanza. Alisema risala zetu zote zinafanana. Tunamshukuru kwa imani hiyo.

KUKUKARIBISHA

Mgeni rasmi, karibu sana. Ratiba ilisema utafika saa tatu, na sasa ni saa sita na robo, kwa hiyo tumepata muda wa kutosha wa kukufurahia kabla hujafika.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi tangu tuliposikia unakuja hatujapona, tumezidiwa. Tumepaka rangi mlango wa ghala ambao haufungi. Tumefua mapazia ya ofisi. Choo cha wafanyakazi, tulichokiomba miaka sita, kilijengwa kwa wiki mbili kwa ajili yako, kikafungwa kwa kufuli kisichafuke kabla hujakiona. Tunaomba ukione mapema, maana wengine tuko hapa tangu alfajiri.

Na kofia hizi nyeupe unazoziona vichwani mwetu, zenye maneno ya kukukaribisha, nazo ni kwa ajili yako. Tutazieleza mbele. Zina historia, tena si nzuri.

HISTORIA YA BONDE

Umepewa kipeperushi chenye picha za rangi. Kinasema mvinyo wa bonde hili ni tunda la uongozi makini. Hatuna ugomvi na uongozi makini, ila hatujawahi kuuona umeshika mkasi wa kupogolea. Mvinyo huu umetokana na vitu ambavyo hakuna aliyeviajiri: hewa, jua, na mawe.

Tazama bonde kutoka hapo ulipo. Chini kabisa, kando ya mto, kuna udongo mweusi, laini, unaonata kwenye buti. Kila msomi akifika huushika, huunusa, kisha husema, "Hapa ndipo pa kupanda." Waanzilishi wa shamba hili nao walisema hivyo hivyo, wakapanda pale. Mizabibu ikanenepa. Ikatoa majani ya kufunika nyumba na zabibu kubwakubwa zenye ladha ya maji ya mto. Mzabibu ni kama mtoto wa tajiri, ukimpa kila kitu hafanyi kitu. Juu ya hayo, ukungu wa mtoni hulala pale mpaka saa tatu asubuhi, majani hayakauki, vichala vinaoza kabla ya kuiva.

Halafu kuna baridi. Baridi ya bonde haikai popote inapojisikia, inatiririka kama maji. Inateremka kutoka kileleni, inapita kwenye miteremko bila kutua, inakwenda kutuama kule chini. Miaka mitatu mfululizo sakitu, yaani ule umande unaoganda ukawa mweupe, ilibabua machipukizi yote ya kando ya mto. Mwaka wa nne wakang'oa kila kitu, wakahamia kwenye mteremko ule mkubwa tunaouita wa Asubuhi, kwa kuwa ndio unaoliona jua kwanza.

Mteremko huo ulikuwa mawe matupu. Mengine kama ngumi, mengine kama mkate mzima. Hata mbuzi walikuwa wakipita hapo bila kusimama. Lakini mzabibu ukiupanda kwenye mawe unalazimika kutafuta. Mizizi inapenya, inashuka, inahangaika, mpaka inaufikia udongo mwekundu wa mfinyanzi ulioweka maji ya mvua za mwaka jana. Hauna nguvu ya kuchezea kwenye majani, zote unazipeleka kwenye tunda. Alasiri upepo unapanda kutoka mtoni, unakausha kila jani. Na mawe yenyewe yanashika jua mchana kutwa, kisha jua likizama yanaurudisha ule ujoto polepole chini ya safu. Baridi ikiteremka inakuta wenyewe wapo, inapita zake. Mvua ikija, mawe yanaivunja nguvu, haichukui udongo. Jua likiwa kali, funua jiwe lolote, chini yake utakuta unyevu.

Haya hatukuyasoma popote. Tulifundishwa na mtu mmoja, kiongozi wa wapogoaji kwa miaka thelathini na moja, mama wa mabinti wanne, mfupi, mwembamba, mwenye ulimi unaokata kuliko mkasi wake. Jina lake la cheti analijua mhasibu tu. Sisi tunamwita Bibi Kokoto.

Kila mfanyakazi mpya wa shambani, siku yake ya kwanza, jua likishatua, Bibi Kokoto humwita kwenye safu ya kwanza, akaokota jiwe, akamwekea kiganjani.

"Unasikiaje?"

"Lina joto, Bibi."

"Basi huyo ndiye mwenzako wa zamu. Wewe unakwenda kulala, yeye ndiyo kwanza anaingia kazini. Usimtupe."

Karani anayekusomea alishikishwa jiwe hilo akiwa na miaka ishirini na mbili. Meneja hakushikishwa, maana alipoajiriwa alifikia ofisini.

Tena Bibi alikuwa na utaratibu wake. Alipogoa kutoka juu kwenda chini, safu za chini akaziacha mpaka mwisho kabisa. Mzabibu uliochelewa kupogolewa huchelewa kuchipua, na chipukizi ambalo bado limelala sakitu hailioni. Alikuwa akisema, "Huku chini tunaamka wa mwisho. Hatuna haraka ya kufa."

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, katika risala nyingi sehemu hii ndiyo ndefu. Yetu ina jambo moja.

Tumefanikiwa, kwa muda wa siku tisa, kuondoa mawe yote ya Mteremko wa Asubuhi, kutoka safu ya kwanza hadi safu ya arobaini. Matela mia moja na kumi na manne ya trekta. Karani wa mizani aliyahesabu mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Utauliza, kwa nini? Ni kwa sababu ya viatu vyako.

Mwezi uliopita walikuja vijana wawili wa kutayarisha ziara, wenye suti. Walipanda mteremko kutazama mahali utakapopigiwa picha. Mmoja wao alijikwaa kwenye safu ya tatu. Hakuanguka, wala hakuumia, alijikwaa tu, akatazama ncha ya kiatu chake kwa huzuni kubwa. Kesho yake tukaitwa ghalani, pale tunaponolea mikasi, Bwana Meneja akasimama juu ya kreti.

"Mgeni rasmi atapanda mteremko kwa miguu," alisema. "Haiwezekani akanyage mawe. Yaondolewe yote."

Bwana Mshauri akaongeza kwamba hata bila ziara, mawe shambani ni dalili ya kilimo duni, na kwamba shamba safi ni shamba lenye tija. Alikuwa na picha kwenye simu. Shamba la picha lilikuwa safi kweli. Hatukuambiwa kama lilikuwa na zabibu.

Bibi Kokoto alikuwa amekaa karibu na jiwe la kunolea. Hakusimama.

"Bwana Meneja, mgeni atakaa muda gani?"

"Saa mbili."

"Na mzabibu unakaa muda gani?"

Meneja alimtazama Mshauri. Mshauri akatabasamu, lile tabasamu la mtu anayemwonea mwenzake huruma kwa kutosoma. "Mama, hayo ni mawe tu. Vitabuni mambo yamebadilika."

"Hicho kitabu kimewahi kulala nje?"

Tulicheka, Mgeni rasmi. Ghala zima lilicheka. Tunalisema hilo kwa aibu, kwa sababu kucheka ndicho kitu pekee tulichofanya. Meneja alingoja tumalize, akafungua boksi la kofia, akasema kila atakayeshiriki zoezi atapewa moja, na siku ya sherehe wenye kofia ndio watakaosimama mbele ya kamera. Tulikuwa watu mia moja na kumi na watatu ghalani. Mia moja na kumi na wawili tukajipanga foleni.

Sisi ndio tunaojua mawe yale kuliko mtu yeyote. Kila mmoja wetu alishikishwa lake. Hakuna mjinga wa kweli aliyeweza kufanya kosa lile. Lilitaka watu wanaojua, na walikuwepo, tena walipanga foleni vizuri.

Trekta liliendeshwa na mkwe wa Bibi Kokoto, mume wa binti yake wa pili, kijana mpole asiyejua kubishana na mtu. Asubuhi ya kwanza alimkuta mkwewe amesimama katikati ya safu ya kwanza na mkoba wake begani, kama mtu anayengoja gari.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Unakwenda wapi na tela?"

"Mama, ni amri."

"Najua ni amri. Nakuuliza kama ni akili."

Kijana alitazama usukani. Ana watoto wawili, na nyumba anayokaa ni ya kampuni. Alisema, kwa sauti tuliyoisikia sote maana hakuna aliyethubutu hata kukohoa, "Mama, nisogezee kidogo nipite."

Bibi alimtazama, akasogea, akapanda mlima mpaka safu ya arobaini, akakaa huko siku nzima akitutazama tukiinama na kuinuka. Alitusimulia baadaye kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa akikumbuka ni nani alimfundisha kuinama vile, akakuta ni yeye mwenyewe kwa kila mmoja wetu. Jioni alipoteremka alikuta barua mlangoni kwake: amesimamishwa kazi kwa kukaidi agizo.

Mawe yalikwenda wapi? Ni swali zuri. Tutalifikia kwenye maombi, maana risala ina mpangilio wake.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni mvua. Ilinyesha siku ya nne baada ya sisi kumaliza, mvua ya kawaida tu, ambayo miaka mingine hatukuona hata haja ya kuizungumzia. Safari hii ilikuta udongo uchi. Ilichimba mifereji sita kutoka juu hadi chini, mmojawapo ukimeza mguu mpaka gotini. Safu ya kumi na mbili mizizi iko nje, inaonekana kama vidole. Mto ulikuwa mwekundu siku mbili. Huo ulikuwa udongo wa mteremko, ukienda kuwanufaisha samaki.

Baada ya hapo ikatoka ratiba mpya. Inasema kwamba yale matembezi ya Mgeni rasmi mteremkoni yamefutwa kwa sababu ya matope. Mgeni rasmi, tulitoa mawe ili uweze kutembea, na sasa huwezi kutembea kwa sababu tumetoa mawe. Tunaomba makofi kwa ofisi.

Changamoto ya pili ni sakitu. Bwana Mshauri aliagiza mwaka huu tupogoe kuanzia chini, kwa kuwa safu za chini ndizo zilizo karibu na barabara na ndizo utakazoziona kutoka kwenye gari. Kwa hiyo zimeamka mapema. Machipukizi yamevimba, mengine yamefunguka, yana rangi ya pinki kwenye ncha. Ni mazuri sana. Picha zitatoka vizuri. Tulipomuuliza Mshauri kuhusu baridi, alisema kipima joto kinaonyesha hali ni nzuri. Kipima joto hicho kimetundikwa ukutani, ndani ya ofisi yake, juu ya birika la chai.

Na hapa ndipo penye roho ya risala hii, kwa hiyo tunaisema polepole. Kuna karatasi imeshaandikwa. Inasema mavuno ya mwaka huu yakishindwa, Mteremko wa Asubuhi utang'olewa wote na mizabibu mipya itapandwa kule chini, kwenye udongo mweusi. Yaani pale pale ilipofia ya kwanza. Sakitu ikianguka mara moja tu juu ya machipukizi haya, chini yake pakiwa hapana mawe, hakuna mavuno. Na yakikosekana mavuno, Bwana Mshauri atakuwa amethibitisha kwamba mteremko haufai. Kwanza unamvua mtu nguo, kisha unaandika ripoti kwamba anatetemeka.

Changamoto ya tatu ni kiti. Geuka kidogo kulia kwako. Kile kiti kitupu chenye kitambaa cheupe ni cha Bibi Kokoto. Ratiba yako, kipengele cha saba, inasema: "Neno la shukrani kutoka kwa mfanyakazi mkongwe." Aliambiwa kwamba akisimama leo akakushukuru kwa maboresho ya shamba, barua yake itafutwa. Asiposimama, Jumamosi atoke kwenye nyumba ya kampuni.

Hayupo. Lakini unaweza kumwona. Inua macho, mteremkoni, upande wa kushoto, safu ya pili. Kile kitambaa cha kijani kinachoinama na kuinuka ndiye yeye. Kuna fungu dogo la mawe lililobaki kando ya barabara, matela sita hivi. Tangu Jumatatu anayarudisha mahali pake, karai moja moja, kichwani. Ana miaka sitini na minne.

Jana mkwe wake alipanda kumbembeleza. Haya alitusimulia mwenyewe jioni kwenye banda la matrekta, na hakujificha alipofuta macho.

"Mama, kesho ni sherehe. Wanakungoja."

"Waambie nina kazi."

"Watakutoa kwenye nyumba."

"Nilijua kukaa kwenye nyumba hiyo kabla hujajua kutembea. Nitajua na kutoka." Alikuwa anaweka jiwe chini ya mzabibu, akaligeuza, akatafuta upande unaolala vizuri. "Lete hilo lingine."

"Mama, mawe yote yale huwezi kuyamaliza peke yako."

"Nani kakwambia nimesema nitamaliza? Nimemaliza safu moja. Hii ni ya pili. Hesabu yangu inaishia hapo mpaka nifike ya tatu."

"Angalau ukashukuru tu, Mama. Ni maneno tu."

"Shukrani ninazo. Anayezitaka aje azichukue huku."

Kijana alitazama safu zilizobaki. Kisha akauliza, "Nikusaidie?"

Bibi Kokoto alimtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Na kofia hiyo?"

Anasema hapo ndipo alipokumbuka kwamba alikuwa nayo. Alikuwa ameivaa wiki tatu, shambani, nyumbani, mezani mbele ya wanawe. Aliivua, akaiweka kwenye kiti cha trekta, akachukua karai.

Alipomaliza kutusimulia, tulizitazama kofia zetu. Tuliona aibu, Mgeni rasmi. Tumezoea kuwaonea aibu wakubwa wetu, ni kazi nyepesi, wanatusaidia kila siku. Kujionea aibu wenyewe kulitulemea. Ndiyo maana risala uliyotegemea kuisikia, ile inayofanana na zote, iliachwa bandani, na hii ikaandikwa.

MAOMBI

Huwa tunaomba gari la wagonjwa na uwanja wa mpira. Safari hii tumeyapunguza.

Ombi la kwanza. Barua ya Bibi Kokoto ifutwe bila sharti. Asitakiwe kumshukuru mtu. Kama kuna neno la shukrani lazima lisomwe leo, karani anaweza kulisoma sasa hivi: Bibi, asante, na utusamehe. Kipengele cha saba kimekamilika.

Ombi la pili. Ile karatasi ya kuhamia kando ya mto iwekwe kando mpaka mwandishi wake awe amelala siku tatu katika udongo huo mweusi, bila blanketi, kisha atuambie kama bado anaupenda.

Ombi la tatu ni mawe. Tuliahidi kukueleza yalikokwenda, na karani wa mizani anayo orodha. Matela sita ndiyo lile fungu analolihangaikia Bibi. Matela sitini na sita yametandazwa kwenye uwanja wa kuegesha, chini ya magari yenu. Matela thelathini yamewekwa kwenye njia uliyopita kutoka kwenye gari mpaka hapa, ili usikanyage matope. Matela kumi na mawili yaliyobaki yalipangwa vizuri sana, na sisi wenyewe, yakawa jukwaa. Jukwaa likafunikwa zulia, juu ya zulia pakawekwa kiti, na kitini tumekuweka wewe.

Mgeni rasmi, anga ni jeupe tangu jana, hakuna wingu hata moja, na upepo umekufa. Msemaji wa redio anasema hali ya hewa ni nzuri kwa sherehe. Mpogoaji yeyote hapa atakwambia kwamba baridi inayoteremka mlimani baada ya siku mbili za namna hii haiji kutembea. Tukianza sasa, saa sita na nusu, safu za chini zenye machipukizi yaliyofunguka zitakuwa na mawe ifikapo saa nane. Yanahitaji kuliwahi jua lote la alasiri ili yawe na cha kurudisha. Jiwe lililo chini ya zulia halishiki jua.

Kwa hiyo hatuombi bajeti. Hatuombi kamati, wala tume, wala ahadi, wala hotuba, ingawa tunajua umeiandaa na kwamba ni nzuri. Tunaomba usimame.

Wakuu wa idara nao tunawaomba wasogeze magari. Hatutagusa gari la mtu, ila jiwe lililo chini yake tunalijua kwa safu yake. Sauti mnayoisikia nyuma ya hema si jenereta. Ni trekta. Dereva ni yule mkwe, na tela ni tupu. Wenzetu wote mnaowaona wamesimama bila kofia si kwamba wamekosa adabu. Wamezivua ili wapate kubebea kokoto ndogondogo, maana makarai hayatoshi.

Mungu akubariki, Mgeni rasmi. Akupe afya, akufikishe nyumbani salama, akakupe na huko ulalako joto unaloweza kulishukuru bila kuandikiwa. Ambariki na Bwana Meneja, amfungue masikio, na Bwana Mshauri, amfungue dirisha. Aizuie sakitu mpaka tumalize, na kama haiwezekani mpaka tumalize, basi aizuie mpaka tufike safu ya ishirini. Ukipenda kupanda nasi, njia iko wazi, na jiwe la kukuwekea kiganjani lipo. Usipopenda, ngazi ya kushukia iko kushoto kwako. Shika ubao wa ngazi, Mheshimiwa, kwa sababu jiwe la kwanza tunalitoa upande wa kulia, na tunaanza sasa.

Ni sisi,
Wapogoaji, Wachumaji na Madereva wa Mteremko wa Asubuhi,
watu mia moja na kumi na watatu,
mmoja wetu akiwa ametutangulia kazini.